Mombasa ni nje ya nchi, Bukoba ni hapo tu

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yake yote mawili yamechoka. Mwezi uliopita binti wa mamdogo aliolewa Mombasa, na mama akatangaza kwamba safari hii habanani na mtu kwenye basi, anapanda ndege hata kama itabidi auze bangili. Nikamwambia mama acha bangili zako, mwanao nipo, nitakupeleka. Maneno rahisi sana kuyasema hayo.

Nikaenda kwa wakala wa tiketi, akanitajia jumla nikahisi labda kaniwekea na mahari ya bibi harusi. Nikamwomba yule dada anigeuzie skrini nione mchanganuo. Nauli yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, ningeilipa bila kelele. Balaa lilikuwa chini yake: kodi ya uwanja kutoka Dar dola 40, kodi ya uwanja kutoka Mombasa wakati wa kurudi dola 50, halafu vidagaa vingine vya usalama vimejipanga foleni. Hizo mbili tu ni dola 90 kwa kichwa, na tuko wawili, piga hesabu ni kama laki nne na nusu za kwetu kabla hujalipia hata mbawa moja ya ndege.

Nikampigia mama kumweleza. Akauliza, "Uwanja gani huo mwanangu, watanipa na hati?"

Tukapanda basi.

Sasa naomba mfungue ramani, mimi nimeifungua zaidi ya mara kumi wiki hii nikiwa na hasira zangu. Kutoka Dar kwenda Mombasa kwa mstari wa ndege ni kilomita 300 na kitu. Dodoma, makao makuu yetu, iko mbali zaidi ya hapo, inakaribia 400. Mwanza ni zaidi ya 800. Bukoba ni kama 1,000. Ukienda Bukoba kodi ya uwanja ni shilingi 10,000, hela ya chipsi kuku kwenye baadhi ya vijiwe. Ukienda Mombasa, ambako rubani hajamaliza kuwasalimia ameshaanza kuwaambia mfunge mikanda mnashuka, ni dola 40. Mara kumi! Na siyo Mombasa tu, hata Nairobi iko karibu kuliko Mwanza.

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa. Nina binamu yangu anaishi Uingereza, kila akimaliza likizo akirudi kwake anaondokea hapohapo Dar, na kodi yake ya uwanja ni dola 40 ileile. Yeye anakwenda kulala angani, anakula mara mbili, anaangalia filamu tatu. Mama anakwenda kumpaka hina mtoto wa mdogo wake. Mbele ya kodi hao wote ni "abiria wa kimataifa". Hivi nani alikaa akaona hii ina akili? Hao Waingereza wenyewe, ambao kwa kodi hawana mchezo, kodi yao ya abiria wa ndege waliianza 1994 na tangu 2009 wameipanga kwa umbali, safari fupi kidogo, safari ndefu zaidi, na mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa daraja la kawaida halipi kabisa. Sisi tumeweka bei moja kama mlango wa stendi.

Mtu ataniambia serikali haiwezi kuanza kubagua abiria mmoja mmoja pale kaunta. Haiwezi? Nenda getini Serengeti. Pale Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi analipa shilingi 10,000 kama mimi, na mgeni wa mbali analipa hadi dola 70, hapo VAT bado. Wanaangalia kitambulisho, wanaandika risiti, mnapita. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo kwenye kuangalia simba sisi ni Afrika Mashariki moja, undugu umejaa mpaka getini, ila kwenye kwenda harusini ghafla tunakuwa watalii. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 1, 2010, mtoto aliyezaliwa siku ile sasa hivi ana ndevu za kwanza, na mama yangu bado ni mtu wa kimataifa akitaka kuvuka kwenda kwa mdogo wake.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtakuja na hoja. Uwanja haujengwi kwa dua. Jengo la tatu pale Dar lilifunguliwa Agosti 2019, linaweza kuchukua abiria milioni 6 kwa mwaka, lina viyoyozi na vyoo vinavyofanya kazi, na vitu hivyo vinataka hela. Sawa. Lakini abiria ambaye hajapanda ndege analipa sifuri. Mimi na mama tulikuwa tayari kabisa kuwapa kitu, mkataka kikubwa, tukawapa sifuri, hela yote kachukua mwenye basi na mama ntilie wa Segera.

Na mtalii? Alipe tu, sina shida naye. Zanzibar wameweka bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 2024, kuna wageni wakalalamika mitandaoni wiki nzima, mimi nilikuwa nakunywa chai yangu. Maasai Mara tangu 2024, kila Julai mpaka Desemba, ni dola 200 kwa siku. Mtu aliyevuka bahari mbili kuja kuona nyumbu wakiruka mto hashindwi na hiyo, na kwanza sisi tukiomba viza za kwao tunalipa, tunanyimwa, na hela hairudi. Tusisumbuane hapo. Ninachosema mimi ni kwamba hizi dola zilipangwa huku mtu akimfikiria mgeni mwenye kofia na kamera, na zinatua kichwani kwa mwanamke mwenye kanga mbili na kapu la haluwa.

Afrika Magharibi angalau wameliona. Wakuu wa ECOWAS, jumuiya yao ya huko, walikutana Abuja Desemba 2024 wakakubaliana kuondoa kodi kwenye usafiri wa anga na kupunguza ada za abiria na za usalama kwa asilimia 25 kuanzia Januari 2026. Najua, makubaliano ya wakubwa ni jambo moja na tiketi ni jambo lingine. Lakini wao angalau wamelitaja kwa mdomo. Wa kwetu wakikutana Arusha wanapiga picha, wanashikana mikono kwa kupishana, wanakula, wanaondoka. Na wanaondoka kwa ndege, bila mtu kuwageuzia skrini.

Basi hilo basi. Tuliondoka Dar alfajiri, Chalinze, Segera, Tanga, mama yuko kimya na mama yangu akiwa kimya ujue kuna kitu. Horohoro tukashuka wote na mabegi, foleni, muhuri, maswali, kadi ya manjano, tukapanda tena, tukashuka tena Likoni kuvuka kwa feri tumebanana na mikokoteni na mbuzi. Tunafika kwa mamdogo usiku, miguu ya mama imevimba mpaka viatu vikakataa kutoka, ikabidi mtu avute.

Wasiomjua mama yangu niwaambie. Kwenye harusi ya familia yetu chakacha haianzi mpaka afunge kibwebwe yeye. Wasichana wa ishirini wanamkimbia. Kuna harusi ya Tanga miaka ile alicheza mpaka mpiga ngoma akaomba maji. Safari hii aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, anapiga makofi kwa mbali, na kila wimbo ukianza mamdogo anatoka kumchungulia halafu anarudi ndani bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, benki imenitumia ujumbe kwamba nina salio, salio lilelile ambalo lilishindwa kumrusha kilomita 300.

Sikumwambia mtu kitu usiku ule. Ila nilihesabu, kutoka alfajiri mpaka tunagonga mlango wa mamdogo tulitumia masaa zaidi ya kumi na tano, na kwa ndege ni kama lisaa limoja tu.

Bi harusi kashapiga simu juzi, eti tujiandae, mwakani huenda kukawa na akika. Mama kafurahi, kaanza kununua vitambaa vya mtoto ambaye hata hajaonekana. Jana kaniita jikoni, sauti ya chini kabisa, anataka nimuulizie konda ni siti namba ngapi ambayo haina tairi chini yake, ili aweze kunyoosha miguu.