Wa kuimba wapewe siku yao

Ati wanaoimba ndani ya sinema wanaharibia wengine filamu ya Wicked na watolewe nje, hapo nakubali nusu tu. Mimi niliitazama hapa Kisumu na mtoto wa dada yangu, wa fomu tuu, nyimbo zote anazo kichwani, lakini ule wimbo wa mwisho wa Cynthia Erivo, yule mwigizaji wa mchawi mwenye ufagio, ulipoanza alinishika mkono tu akanyamaza, msichana wa nyuma yetu ndiye aliimba kushinda spika na ile noti ya juu akaikosa kabisa, ukumbi wote ukacheka na yeye pia. Huyo hakunikera. Aliyenikera ni jamaa wa mbele, kila wimbo ukianza anatoa simu, taa machoni mwetu, anamuuliza mwenzake "kwani wanaimba tena?" sasa bana, hii kitu ni mchezo wa nyimbo jukwaani kule New York tangu 2003, ulidhani wataongea tu? Baada ya saa 2 na dakika 40 tena analalamika hadithi haijaisha, na hiyo ni nusu ya kwanza! Marekani walipanga maonyesho ya kuimba pamoja kuanzia Krismasi 2024, aliyetaka kimya alienda yale mengine, basi. Kuna mtu ashaona hayo ya kuimba pamoja huku kwetu ama hata Nakuru, na tiketi ni bei ileile?