Kiwiko cha Annemiek

Ukimtaja Annemiek van Vleuten mbele ya wapenzi wa mbio za baiskeli, wengi watakimbilia Yorkshire, Uingereza, Septemba 2019. Siku ile Mholanzi huyu alichomoka kundini zikiwa zimebaki kama kilomita 105, akaenda peke yake hadi mwisho na kuwa bingwa wa dunia. Ulikuwa ushindi mkubwa, sibishi. Lakini kwangu mimi, mbio zake kubwa kuliko zote ni za ubingwa wa dunia wa Wollongong, Australia, Septemba 24, 2022.

Yorkshire alishinda akiwa mzima, na nguvu zake zote. Wollongong alifika na kiwiko kimevunjika. Siku tatu kabla, katika mbio za timu za kupokezana, alianguka muda mfupi tu baada ya kushuka kwenye jukwaa la kuanzia. Na alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 40.

Kama umewahi kupanda mlima kwa baiskeli, unajua mwili unavyofanya. Mlima ukikaza, unanyanyuka kwenye siti, unasimama juu ya pedali, unauvuta usukani kushoto na kulia ili uzito wote ushukie mguuni. Mikono ndiyo inayoufunga mwili kwenye baiskeli. Kiwiko kikiwa kimevunjika, huo mvuto haupo. Kwa hiyo Annemiek alipanda vilima amekaa, katika mbio za kilomita 164, huku wenzake wakisimama na kumwacha. Tena hakwenda pale kutafuta dhahabu yake. Kazi aliyopewa ilikuwa kumsaidia Mholanzi mwenzake, Marianne Vos.

Nilizitazama mbio zile kwenye simu, Jumamosi asubuhi, na kwa muda mrefu hata sikumtafuta kwenye picha. Nilishamtoa hesabuni. Mvua inanyesha, kundi dogo liko mbele, yeye yuko nyuma anahangaika kurudi. Kilomita ya mwisho waliokuwa nyuma wakawafikia wa mbele, na wale wa mbele wakaanza kutazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, maana anayeanza mapema huwakingia wengine upepo. Hapo ndipo akatokea. Hakuungana nao apumzike kidogo kama ilivyo kawaida. Alitoka nyuma na mwendo wake uleule, akawapita pembeni, akaendelea. Kufumba na kufumbua kukawa na nafasi kati yake na wao. Walipoanza kumfukuza, mstari ulikuwa umeshafika. Lotte Kopecky wa Ubelgiji alikuwa wa pili, sekunde moja nyuma.

Anayesema ile ilikuwa bahati sikubaliani naye hata kidogo. Katika kuungana na lile kundi, kila kichwa kilikuwa kinawaza kuvuta pumzi. Yeye alijua kwamba wakifika pamoja kwenye mstari na kulazimika kusimama juu ya pedali, ameshapoteza. Alikuwa na nafasi moja tu, na aliiona wakati wengine wanapumua. Macho ya namna hiyo hayaji kwa mazoezi ya mwaka mmoja.

Na huyu hakuanza utotoni. Alicheza mpira wa miguu mpaka goti likamkatalia, akasoma epidemiolojia, elimu ya kuenea kwa magonjwa, katika chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi, ndipo akageukia baiskeli ukubwani. Rio 2016 alikuwa anaongoza peke yake mbio za Olimpiki, akaanguka vibaya kwenye mteremko, akavunjika pingili tatu za mgongo. Dhahabu ikaenda kwa Mholanzi mwenzake, Anna van der Breggen. Tokyo 2021 alivuka mstari akanyanyua mikono akidhani ameshinda, kumbe Anna Kiesenhofer wa Austria alishafika. Dunia nzima iliiona mikono ile. Siku tatu baadaye alichukua dhahabu ya mbio za kushindana na saa.

Mwaka huohuo wa Wollongong alikwishashinda mbio kubwa za siku nyingi za wanawake: Giro ya Italia, Tour de France na Vuelta ya Hispania. Mataji hayo yote yalitokana na milima mirefu, mahali ambapo hakuwa na mpinzani. Lile la Wollongong aliliokota mahali ambapo kila mtu, nami nikiwemo, alimwona ni msaidizi mwenye mkono mbovu.

Jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, aliivaa hadi Agosti 2023, alipoikabidhi kule Glasgow. Aliyeichukua ni Kopecky, yuleyule aliyemkosa kwa sekunde moja. Mwezi uliofuata Annemiek akastaafu, nyumbani Uholanzi.