Mwezi mmoja, maji mara mbili

Juzi Jumamosi tuliitwa semina ya bahari huku Sahare, Tanga. Hema, viti vya plastiki, tisheti, soda, na projekta ambayo mchana kweupe haionyeshi kitu. Nimekaa siku mbili najiambia niachane nayo, imenishinda.

Kwanza muda wenyewe. Semina imepangwa saa nne asubuhi, mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi uandame. Aliyekulia pwani ashacheka hapo. Mwezi pili ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, saa nne maji yamepwa mwamba uko nje, ndo saa ya kina mama kwenda kuchokoa pweza, na sie tuko chini ya hema tunafundishwa bahari wakati bahari yenyewe iko wazi nyuma yetu inatusubiri. Wanawake wa mstari wa nyuma walikua wanageuza shingo kila dakika kama wameacha chungu jikoni.

Alafu maneno. Mfumo ikolojia, uhimilivu, tabianchi, wadau. Mama mmoja kaniinamia akaniuliza uhimilivu ndo dudu gani, yuko kama changu au? Mi sikua na jibu la maana, nikasema ni kuvumilia. Akasema kumbe kuvumilia, si waseme.

Sawa, hayo tumeyazoea. Kilichonichoma kilikuja mwisho. Mtaalamu, kijana mpole tu kwa kweli, akafika kwenye kupwa na kujaa, akasema maji yanajaa kwa sababu ya nguvu ya uvutano ya mwezi, nukta, slaidi inayofuata. Shangazi yangu akanyoosha mkono. Huyu mwanamke kaenda mwambani tangu hajavunja ungo, hajamaliza darasa la nne. Akauliza, "Mwanangu, kama mwezi ndo unavuta, mwezi si mmoja? Mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?"

Yule kijana akacheka kidogo. "Bibi, hiyo ni fizikia, tutachanganyana. Cha msingi mjue ni mwezi." Watu wakacheka nae. Shangazi akakaa, akaweka kanga yake sawa, hakusema tena.

Jamani. Hilo swali alilouliza ndilo lililomwangusha Galileo! Galileo yule yule wa darubini, mwaka 1632 alidai bahari inapanda na kushuka kwa sababu dunia inazunguka na kuitikisa, kama maji kwenye beseni ukilibeba kichwani, na habari za mwezi akazidharau. Shida ni kwamba hesabu yake ilitoa kujaa kumoja kwa siku, na bahari inajaa mara mbili, ikabidi atafute visingizio. Jibu lenyewe likaja kwa Newton mwaka 1687. Kwa hiyo mtu kauliza swali lililomtoa jasho Galileo, kauliza kwa Kiswahili safi, kalitoa kichwani mwake, tunamwambia tutachanganyana! Aliyechanganyikiwa nani hapo?

Na wala halihitaji slaidi. Wapange watoto watatu mstari mmoja uwanjani, mbele yao kaa wewe na sinia la kashata. Wa mbele anaiona kashata puani, anatoka mbio. Wa kati anakuja, ila si kwa kasi ile. Wa nyuma anajikokota, kashata kwake iko mbali. Baada ya muda simama upande wa yule wa kati uangalie: mmoja kamtangulia, mwingine kabaki nyuma, wote wawili wako mbali nae kuliko mwanzo, wakati wote watatu wanakimbilia kashata ile ile. Mwezi ndo kashata. Mtoto wa kati ni dunia yenyewe, wa mbele ni maji ya upande unaoutazama mwezi, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Dunia nayo inavutwa! Hapo ndo watu wanapopotea, wanadhani yanavutwa maji tu. Maji ya huku yanaitangulia dunia, ya kule dunia inayaacha, unapata vilima viwili vya maji, na sisi tukizunguka na dunia tunavipitia vyote viwili. Basi. Mara mbili.

Na kwa nini kila siku maji yanachelewa? Kwa sababu wakati dunia inazunguka mwezi nao haukukaa, umesogea, dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada kuufikia. Kina mama hawasemi dakika 50, wanasema leo saa nne, kesho inakaribia saa tano. Wiki ikiisha, maji yaliyokua yanapwa saa nne yanapwa saa kumi, na hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, hakuna wa kuhangaika na pweza.

Ndio, najua mtanijia. Bahari sio duara laini, nchi kavu inazuia, maji yanagonga yanarudi, kila pwani ina saa yake. Kweli kabisa, nakubali, na hata hapa kwetu utaona mwezi mpevu uko utosini saa sita usiku lakini maji yanafika juu kwenye saa kumi alfajiri, yamechelewa masaa manne mazima. Ila hilo nalo lilikua la kusimulia pale, kila mtu pale hema zima anazijua hizo saa! Bamvua maji kujaa saa kumi, kupwa saa nne, miaka yote, na sababu ni tamu: bamvua inakuja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku ambazo mwezi na jua viko kwenye mstari mmoja vinavuta pamoja, kwa hiyo saa ya mwezi siku hizo inaenda na saa ya jua. Tarehe saba nane za mwandamo kila mmoja anavuta upande wake, kila mmoja anapunguza kazi ya mwenzie, ndo maji mafu. Jua kwa uzito linauzidi mwezi mara milioni 27 lakini liko mbali mno, nguvu yake baharini haifiki hata nusu ya mwezi. Hiyo ndo sayansi. Maneno yake yalikuwepo, bamvua, maji mafu, mwandamo, tukayaacha mlangoni na viatu tukaingia na uhimilivu.

Sisemi maneno ya kitaalamu yafe. Jedwali la maji la bandarini halitoki kwenye kumbukumbu ya shangazi, linatoka kwenye hesabu, na meli haiingii kwa kuulizia mwezi ngapi leo. Haya, nimesema.

Lakini hili si suala la lugha tu. Tsunami ya Desemba 2004 ilivuka bahari nzima kutoka Indonesia, na Dar watu walikufa. Wimbi la namna ile mara nyingine linatanguliwa na maji kukimbia pwani, na maji yakikimbia mtu anaweza kudhani imepwa akashuka na ndoo. Anayejua leo kupwa ni saa ngapi, akaona bahari inatoka saa ambayo si yake, huyo atapiga kelele watu wapande juu. Huyo mtu tulikua nae pale, mstari wa tatu. Tukamwambia fizikia haimhusu.

Jioni nilipita kwake, nikampangia vikombe vitatu vya kahawa mkekani na kipande cha kashata mbele yake, nikamweleza. Akaangalia sana. Akasogeza kikombe cha kati kwa kidole, akakirudisha.

"Kumbe na sisi tunavutwa."

"Na sisi, shangazi."

Kimya. Nikajua lingine linakuja.

"Mjomba wako si alikaa Mwanza miaka yote ile. Mbona hakuwahi kusema ziwa linapwa?"

Nikamwambia ziwa ni dogo, ukingo hadi ukingo ni kilomita mia chache tu, mwezi unavuta huku na kule karibu sawa sawa, tofauti haitoshi. Watoto wa kashata wamesimama wamegandana, hakuna anayemwacha mwenzie. Akala kipande cha kashata kilichokua mwezi.

"Kesho mwezi tatu," akasema. "Njoo saa nne na nusu, ulete ndoo yako, yangu imepasuka."