Anayefunga Nzi Naye Apelekwe Mtoni

Nina msimamo mmoja kuhusu nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa uzi na manyoya ifanane na mdudu, wa kuvulia samaki aitwaye trauti, na najua baadhi ya wenye karakana hawataupenda: mtu ambaye hajawahi kuvua hajamaliza kujifunza kufunga nzi, hata kama mikono yake ni myepesi kuliko ya wenzake wote.

Kwa miongo mingi Kenya imekuwa ikifunga nzi wanaouzwa katika maduka ya Uingereza, Marekani na kwingineko. Mvuvi akiwa kando ya mto kule Scotland anaweza kufungua kisanduku chake akachagua nzi aliyetoka kwenye meza ya Nairobi, asijue. Aliyemfunga naye, mara nyingi, hajawahi kumwona trauti akipanda juu ya maji kudaka mdudu. Kinachoniuma ni kwamba mito ya trauti iko mwendo wa saa chache tu kutoka kwenye meza hiyo.

Trauti si samaki wa asili hapa kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alitia trauti wa kahawia kutoka Scotland katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaja wale wa upinde wa mvua, na samaki wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya: Thego, Sagana, Nyamindi, Thiba. Hawapendi maji ya vuguvugu, ndiyo maana hukaa huko juu msituni. Waliletwa kwa starehe ya walowezi, na hadi leo ukimwambia mtu wa Nyeri unakwenda kuvua trauti kwa nzi, atakwambia huo ni mchezo wa wazungu. Mimi sikubali. Samaki wana zaidi ya karne moja hapa, kituo cha kuwazalisha kiko Kiganjo, na nzi tunawafunga sisi. Kilichobaki ni sisi kushika ufito.

Lakini hoja yangu hasa ni ya ufundi, nayo iko kwenye tundu la ndoana.

Chukua ndoana namba 14. Kwa ndoana hizi namba inavyopanda ndivyo umbo linavyopungua, kwa hiyo 14 ni ndogo, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Mbele yake kuna tundu ambamo uzi wa mvuvi, yaani nailoni, utapita. Mfungaji akipeleka uzi na manyoya hadi ukingoni kabisa mwa tundu, nzi anapendeza mezani: kichwa kimejaa, kimepakwa vanishi, kinang'aa. Mkaguzi anaweza kumpitisha. Mtoni ni kilio. Jua limezama nyuma ya mianzi, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya mlima, na ncha ya nailoni haipiti kwa sababu tone la vanishi limeziba njia. Hata ikipita, fundo halina pa kukaa. Linakanyaga manyoya ya shingoni, linalala upande, na samaki wa kwanza mwenye nguvu anaondoka na nzi.

Mfungaji anaweza kuambiwa mara mia aache nafasi nyuma ya tundu. Ataiacha kwa kuwa ameambiwa, na siku ya haraka atasahau. Aliyewahi kuhangaika na tundu lililoziba huku samaki wanaruka mbele yake hasahau.

Fundo lenyewe si gumu. Ninalolitumia zaidi ni klinchi iliyoboreshwa. Unapitisha ncha ya nailoni tunduni, unaivuta urefu wa kiganja, unaizungusha mara tano kwenye uzi wake mwenyewe, unairudisha ndani ya kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha unaipitisha tena katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na joto hilo huudhoofisha uzi pale pale panapobeba mzigo. Vuta polepole, mizunguko ijipange bila kupandana. Ikipandana, kata ufunge upya. Usilionee fundo huruma.

Sasa mwangalie mfungaji anavyomalizia nzi wake kwenye jiliwa. Anauzungusha uzi kichwani mara nne au tano juu ya mkia wa uzi huo huo, anavuta, mkia unazama chini ya mizunguko, anakata. Kanuni ni ile ile ya klinchi: uzi unajibana kwa mizunguko yake wenyewe. Mwenye mikono inayofanya kazi hiyo kutwa nzima angelijua fundo la mvuvi kabla chai haijapoa. Kumnyima ni uzembe.

Kuna jambo jingine ambalo mto hulifundisha vizuri kuliko mkaguzi, nalo ni uzito. Mfano wangu ni nzi aitwaye Pheasant Tail, wa Frank Sawyer, aliyekuwa mtunzaji wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Sawyer hakutumia uzi kabisa. Alitumia nyuzi za manyoya ya mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, pamoja na waya mwembamba wa shaba. Waya huo unafunga manyoya, unampa mdudu rangi yake, na unamzamisha. Kwanza unajenga kinundu cha waya kifuani. Kisha unabana manyoya machache nyuma, ncha zake zitokeze kuwa mkia, unayasokota pamoja na waya na kuyazungusha kuelekea mbele, halafu unayakunja juu ya kinundu kuwa mgongo. Basi. Asiyejua kwamba nzi huyu anatakiwa kuzama haraka hadi karibu na mawe anaweza kupunguza waya ili umbo liwe jembamba na zuri zaidi. Atakuwa amefunga pambo.

Nimewahi kuambiwa kwamba mfungaji wa kuuza nje hahitaji haya yote: anapewa sampuli, anaifuata, dazeni ya kumi ifanane na ya kwanza. Hoja hiyo ina uzito wake. Usahihi wa sampuli ni heshima ya kazi, na mnunuzi analipia hilo. Ila sampuli haisemi kila kitu. Haisemi manyoya ya jogoo yawe magumu kiasi gani ili nzi wa juu aelee kwenye maji yenye kasi, wala haisemi kwamba nywele za kulungu huelea kwa sababu zina hewa ndani, kwa hiyo ukizikaza mno unaifinya hewa hiyo. Anayefuata sampuli bila sababu zake atabaki kulipwa kwa kufuata sampuli. Atabuni lini nzi wa Thego, anayefanana na wadudu wa Thego?

Na majina pia yana habari yake. Adams, nzi maarufu sana wa Marekani, alifungwa mwaka 1922 huko Michigan na Len Halladay, kisha akapewa jina la Charles Adams, rafiki yake aliyevua kwa nzi huyo. Hata Halladay, ambaye wapenzi wa uvuvi wanamkumbuka, alibaki nyuma ya jina la mvuvi. Wafungaji wetu hawajafika hata hapo.

Ninachopendekeza kiko ndani ya uwezo wa karakana yoyote. Wapelekeni wafungaji Thego wakati mto uko safi, Januari au Februari, kabla mvua ndefu hazijachafua maji. Mito yetu ni myembamba na imefunikwa na vichaka, nzi watanasa kwenye matawi, na kila mmoja atalazimika kufunga fundo upya tena na tena. Hiyo ndiyo shule. Wafundisheni klinchi, na fundo la daktari wa upasuaji kwa kuunganisha nailoni mbili zenye unene tofauti: unazilaza sambamba, unafanya kitanzi, unapitisha ncha mara mbili, unalowanisha, unavuta pande zote kwa pamoja. Kwa ndoana namba 14, nailoni ya 5X, yenye unene wa milimita 0.15 hivi, inafaa. Gawa namba ya ndoana kwa tatu utakuwa karibu na namba ya X inayofaa. Na kila mmoja afungue kisanduku chenye nzi aliowafunga yeye mwenyewe. Wakiingia msitu wa Aberdare badala ya Thego, wasiende bila askari wa wanyamapori, maana nyati hawajali unavua nini.

Wakirudi mezani Jumatatu, mkaguzi atazame matundu.