Epworth: nyumba ya kasisi na jiko lake

Picha nyingi za nyumba ya zamani ya kasisi kule Epworth, Lincolnshire, Uingereza, hupigwa kutoka mbele, na si ajabu. Matofali mekundu, mlango katikati, madirisha yaliyonyooka kushoto na kulia. Ndio mtindo wa enzi za Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18, na wapenzi wa majengo huusifu kwa utulivu wake. Kwangu mimi, upande huo wa mbele ndio wenye hadithi ndogo kuliko pande zote za nyumba hiyo.

Nyumba iliyotangulia haikuwa na fahari. Hati ya kanisa ya mwaka 1607 inaieleza kuwa ya miti na lipu, iliyoezekwa mabua. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 ikashika moto. Kasisi Samuel Wesley, mkewe Susanna na watoto wakatoka mbio, kisha wakagundua John, mtoto wa miaka mitano, amebaki ghorofani. Alionekana dirishani. Muda wa kutafuta ngazi haukuwepo, kwa hiyo mwanamume mmoja akasimama mabegani mwa mwenzake, akamchopoa, na papo hapo paa likaporomoka. Nikitazama madirisha ya juu ya nyumba iliyofuata, sidhani mabega ya mtu mmoja yangetosha.

John huyo ndiye mwanzilishi wa Umethodisti, ule uliofika Mombasa na Ribe mwaka 1862. Kwa hiyo Mmethodisti wa Meru au wa Pwani akiitaja Epworth, anataja kwao kwa namna fulani.

Samuel aliijenga upya kwa muda usiozidi mwaka, kwa gharama ya pauni 400 hivi. Na haikuwa mali yake. Kasisi wa Kiingereza wa wakati ule aliishi kwa fungu la kumi la wakulima na kwa shamba la kanisa. Nyumba ilikuwa sehemu ya wadhifa, akiondoka au akifa anaingia mwingine, lakini mzigo wa kuijenga ulimwangukia yeye aliyemo. Hapo namhurumia. Susanna alizaa watoto 19, tisa wakafa wachanga, na wale walioishi walihitaji pa kulala. Ila mwaka 1705 Samuel alikuwa amefungwa katika ngome ya Lincoln kwa sababu ya madeni. Mtu aliyetoka jela ya madeni juzijuzi anajenga nyumba ya kibwanyenye, mbele ya waumini ambao wengi walimchukia kwa siasa zake! Ukuta ule wa mbele nausoma kama jibu lake kwao. Zaidi ya miaka kumi baadaye samani za ndani zilikuwa bado haba.

Sasa twende nyuma. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, Samuel alikuwa London kwenye baraza la makasisi, na msaidizi wake akishika madhabahu. Jumapili jioni Susanna aliwasomea watoto na watumishi hotuba na sala jikoni. Kijana mmoja akawaambia wazazi wake, hao wakaomba kuja, kisha majirani wengine, na kabla baridi haijaisha watu walipita 200, wengine wakirudi kwao kwa kukosa nafasi. Msaidizi akashtaki kwa barua. Samuel akamwandikia mkewe aache. Susanna akamjibu kwamba asimwambie tu kuwa anatamani aache. Ampe amri kamili, itakayomwondolea hatia siku ya hukumu. Amri hiyo haikuja.

Kwa nini jikoni? Sebule iko kwa ajili ya wageni wenye cheo. Kibarua wa Axholme, ile nchi ya mabwawa iliyoizunguka Epworth, angeona haya kuingia humo na viatu vya tope. Jikoni kuna moto mkubwa, kuna mlango wa uani, na hakuna anayeulizwa amekuja kufanya nini. Msanifu wa ukuta wa mbele hakulipangia jiko kazi hiyo, lakini ndilo lililowapokea watu.

(Wapo wanaokwenda Epworth kwa ajili ya chumba cha darini tu, kwa sababu ya makelele ya mzimu waliyoyasikia akina Wesley Desemba 1716 na Januari 1717. Kila mtu na lake.)

Nyumba nyingi za namna hii Kanisa la Uingereza liliziuza karne ya 20, na leo wanaishi humo matajiri. Ya Epworth haikuwaangukia wao, ikawa makumbusho.

Kwetu kamati za ujenzi wa nyumba ya mchungaji hugombana juu ya baraza, geti na rangi ya mabati, huku jiko likibanwa pembeni hata akina mama wawili hawapishani. Mimi ningeanzia huko: mlango wa uani upana wa kupitisha benchi, na paa lisogezwe mbele kidogo, watu thelathini wakae mvua ikinyesha. Geti litangoja michango ijayo.