Kibali Chenye Harufu ya Migebuka

Fundi wangu wa huku Gungu, Kigoma, ana msemo mmoja tu: "Ramani iko kichwani." Ukimpa karatasi, anaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani, anaitikia kwa adabu, halafu anarudi kwenye kamba yake.

Karatasi zenyewe zilikuwa zimenitoa jasho. Zilizunguka meza kwa meza. Afisa mipango miji aliweka rula kupima nyumba iko umbali gani na barabara na mpaka wa jirani. Mhandisi hakuwa na habari na sebule yangu, macho yote kwenye nondo na nguzo. Afisa afya yeye alianzia chooni: karo liko wapi, hewa inapita wapi, madirisha yanafunguka au ni urembo? Hapo bado hati, bado risiti ya kodi ya ardhi, bado kontroo namba ya kulipia. Kibali kilipotoka nikakitia laminesheni. Mke wangu akaniambia hata cheti chetu cha ndoa hakijapata heshima hiyo.

Michoro yenye mihuri nikaitundika stoo ya saiti, ndani ya mfuko, maana mkaguzi akija anataka kuikuta palepale.

Akaja saa saba mchana. Nyuma yake kijana na kopo la rangi nyekundu, ile ya kuandikia X.

"Habari za mchana! Kibali kipo?"

Nikampa, kinang'aa. Akakigeuza. "Na michoro?"

Nikaingia stoo. Mfuko unaning'inia vizuri. Ndani, kandambili za fundi.

"Ramani iko kichwani, mzee," fundi akadakia. "Uliza chochote."

Mkaguzi akamtazama utosini. "Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka idhini ya mamlaka kabla ya kuendeleza kiwanja. Hicho kichwa kina muhuri?"

Kijana akaanza kukoroga rangi. Kilichotuokoa ni njaa. Mkaguzi akasema tutafute wakati yeye anakula, akaagiza migebuka kwa mama lishe wetu (alilipa hela yake mwenyewe, nisije nikasingiziwa). Akafungua kifurushi, akatoa samaki wa kwanza, akanyamaza.

"Hii si saini yangu?"

"Fundi ndiye alinipa, baba," mama lishe akasema. "Ana deni la chai na chapati. Karatasi nzuri sana hizo, hazivuji mafuta. Zimebaki mbili tu, ya paa na ya umeme."

Mkaguzi hakukasirika. Akala kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafuata mistari iliyolowa mafuta. Ghafla kidole kikasimama.

"Karo liko nyuma, kwenye migomba." Akainua macho. Shimo letu lilikuwa mbele, limebanana na uzio wa jirani.

"Nyuma kuna mwamba, mzee. Huku udongo laini," fundi akajitetea.

"Na kichwani kwako liko wapi?"

Fundi akafikiri. "Lilihama."

Uamuzi ukatoka: kuta ziko sawa, shimo lifukiwe, lichimbwe linapotakiwa. Kijana akakimbia na brashi mpaka ukingoni, akachungulia chini.

"Bosi, shimo X naichora wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Udongo ungeinywa rangi yote. Pembeni lilikuwepo toroli la fundi, bati safi, jipya. Kijana akapiga mistari miwili.

"Mzee, toroli haliombi kibali!" fundi akapiga kelele, lakini rangi ilishashika.

Juzi alipita nalo mtaa wa pili akisukuma kokoto. Jamaa mmoja aliyekuwa anapandisha ukuta akaliona linakata kona, akatupa mwiko, akaanza kufunika tofali zake kwa turubai.