Kuanguka Kuna Ufundi Wake

Katika *College* (1927), filamu bubu ya vichekesho, Buster Keaton ni mwanafunzi msoma vitabu anayejitosa kwenye riadha ili ampate msichana. Anaingia kwenye mbio za kuruka viunzi, anaangusha cha kwanza, cha pili, vyote, kasoro cha mwisho. Anageuka, anakitazama kilivyosimama peke yake, kisha anakisukuma nacho kianguke.

Asiyejua kuruka viunzi angejikwaa mapema na mchezo ungeishia hapo. Kuviangusha kimoja baada ya kingine bila kupoteza mwendo ni kazi ya mtu aliyeumudu mwili wake, na Keaton alikulia jukwaani akirushwarushwa na baba yake mzazi. Kwenye filamu hiyo, kuruka kwa upondo hadi dirishani ndiko alikoachiwa mwingine: Lee Barnes, bingwa wa Olimpiki wa Paris 1924.

Kamera nayo inasimama mbali, mwili wote uonekane kuanzia kofia hadi kiatu. Vichekesho vingi vya michezo vya leo hukatakata: mguu, uso, mashabiki, mpira wavuni. Hapo sifa apewe mhariri, si mchezaji.

Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu, katika *The Freshman* (1925) anachekesha kwa njia nyingine. Anacheza futiboli ya Kimarekani, ambamo mpira hukimbizwa mikononi, na ameambiwa filimbi ikilia auachie mpira. Anachanja mbuga kuelekea mstari wa goli, king'ora cha kiwanda kinalia, naye mtiifu anauachia. Kichekesho kimesukwa vizuri sana, ila kwangu Keaton bado yuko juu. Katika *The Cameraman* (1928) anacheza besiboli peke yake ndani ya Yankee Stadium, uwanja wa besiboli wa New York, ukiwa mtupu, bila mpira wala gongo. Kwanza ni mrushaji: anakataa kwa kichwa ishara za mdakaji asiyekuwepo, anachungulia mabegani wakimbiaji wasimwibie besi, kisha anageuka mpigaji, anazunguka besi zote na kuserereka hadi besi ya nyumbani, anapopata alama. Hata usiyejua kanuni za besiboli utajua nani kafunga.

Nakala mbovu huharibu haya yote. Filamu iliyopigwa kwa picha 18 kwa sekunde ikichezwa kwa 24, watu hutembea kama kuku waliofukuzwa. Tazama wapita njia walio nyuma, si mchekeshaji. Nao wakidonoadonoa hatua, shusha kasi hadi 0.75 na uzime muziki, maana sauti yake itavutika. Wapita njia wakienda sawa, iache: wachekeshaji wenyewe walipenda kamera, iliyozungushwa kwa mkono, izungushwe polepole makusudi, ili mbio zionekane kali.